Ramani za setilaiti zitaje ukubwa wa mraba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ramani za kompyuta ambazo siku hizi huletwa kwenye mikutano ya vijiji huku Moshi, zikioneshwa ukutani kana kwamba kila ukingo wa rangi umepimwa kwa futi.

Nyingi kati ya ramani hizo ni za rasta, yaani ardhi imegawanywa katika miraba iliyo sawa, na kila mraba umepewa thamani moja tu: msitu, shamba, makazi, au kimo kutoka usawa wa bahari. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zinazotumika sana kutengenezea ramani hizo kwa kuwa hazilipiwi, zina miraba ya meta 30 kwa 30, karibu robo ekari. Anayeijua miteremko ya Kilimanjaro anajua robo ekari ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, inavyobeba migomba, kahawa chini yake, miparachichi, banda la ng'ombe na nyumba ya familia. Kompyuta hulazimika kuvipa vyote hivyo jina moja, na kihamba chenye kivuli kizito huweza kuitwa msitu. Mfereji wa asili usiofika meta mbili kwa upana haupati hata mraba wake.

Haya yangebaki kuwa ya wataalamu kama yasingegusa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka mtoni. Katika ramani ya Landsat, meta hizo ni miraba miwili tu, hivyo ukingo wa mto ukikosewa kwa mraba mmoja, nusu ya upana huo imehama, pengine pamoja na nyumba ya mtu. Kuikuza picha hakusaidii, maana kunakuza miraba ileile. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2, yenye miraba ya meta 10, ni afadhali, ingawa nayo haifikii kipimo cha kiwanja.

Sisemi ramani hizi zitupwe. Kwa kufuatilia uoto wa wilaya nzima, au barafu ya Kibo inavyopungua, sijaona chombo kinachozishinda. Lakini mpaka wa kiwanja ni mstari, na mstari huchorwa kwa nukta zilizopimwa uwanjani. Naomba wanaoleta ramani kijijini waandike pembeni ukubwa wa mraba na tarehe ya picha, na mpima ardhi atangulie kufika kabla ya nyumba ya mtu kupakwa alama ya X.

Msomaji wako,
Moshi, Kilimanjaro