Mwanangu, kabla hujakariri lile bango

Kahama, Alhamisi usiku

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, gari nalo ni zima. Tumelala hapa Kahama, na alfajiri tukijaliwa tunaondoka kuelekea Rusumo, mpakani na Rwanda. Nisalimie shangazi yako na watoto wote.

Nimeiona picha uliyonitumia ya lile bango la alama za barabarani mlilopewa chuoni. Unasema mwalimu anataka mzikariri zote kabla ya mtihani wa trafiki, na umeniuliza kwa nini katika pembetatu zote hizo ni moja tu iliyogeuzwa kichwa chini. Swali hilo limenifurahisha, mama yangu, maana wengi tunaoendesha hatukuwahi kuuliza. Ndiyo maana nimeona nisikujibu kwa ujumbe mfupi.

Anza na umbo, picha itafuata. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya kwamba mbele kuna kona, matuta, watoto wa shule, mifugo. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au kukuwekea kikomo. Duara la bluu linakuamuru. Mstatili unakupa habari au kukuonyesha njia. Ukishayashika haya, hata ukikuta picha usiyowahi kuiona, utakuwa umeshajua kama unaonywa au unakatazwa, na mguu utakuwa umeshatoka kwenye mafuta.

Ziko mbili zilizotengwa kwa maumbo yake peke yake. Moja ni STOP, yenye pembe nane, na ya pili ni hiyo pembetatu yako ya kichwa chini, inayokutaka uwapishe wenye barabara. Zimetengwa ili uzitambue hata zikiwa zimepakwa tope, hata rangi ikipaushwa na jua, hata ukiziona kwa nyuma. Kuziona kwa nyuma kuna maana kubwa: ukiwa barabara kuu ukaona mgongo wa pembe nane kwenye njia ya pembeni, unajua anayetoka kule ameambiwa asimame. Hapo utazame kama kweli anasimama. Na wewe ukiikuta mbele yako, magurudumu yasimame kabisa, hata kama barabara ni nyeupe na hakuna mtu. Kwenye ile ya kupisha unapunguza, unatazama, na ukikuta njia iko wazi unaweza kuendelea bila kusimama. Madereva wengi wa mjini wanazichukulia hizi mbili kama kitu kimoja, nami nisingependa uanze hivyo.

Faida ya maumbo niliijua vizuri nilipoanza safari za Kigali. Huku kwetu tunaendesha kushoto, lakini ukishavuka lile daraja la mto Kagera pale Rusumo unahamia kulia. Usukani wangu uko kulia, kwa hiyo ng'ambo nakaa upande wa ukingo wa barabara, na nikitaka kulipita gari lililo mbele sioni chochote mpaka utingo achungulie dirishani kwake aniambie. Maandishi ya Kinyarwanda sikuyajua hata neno moja. Lakini pembetatu ilikuwa pembetatu, na duara jekundu lilikuwa duara jekundu. Nilishuka vile vilima na tela la tani nyingi nikiongozwa na maumbo yale, nikafika salama.

Sasa nikuambie kuhusu kibao cha 50, kwa sababu hicho ndicho utakachokutana nacho kuliko vyote, na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka magari yasizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Sisi wa magari makubwa, yanayozidi kilo 3,500, hatutakiwi kuzidi 80 hata huko porini. Kibao cha 50 kikianza, kinashika mpaka utakapoona 50 iliyokatwa kwa mstari. Utawasikia madereva wakiulizana, "Pale kuna tochi?" Tochi, yaani kile kipima mwendo cha trafiki, ikiwepo, wote wanatambaa. Tochi isipokuwepo, kijiji kinapitwa kama pori.

Nami nilikuwa hivyo. Wewe ulikuwa bado hujaanza shule. Nilikuwa natoka Singida kwenda Nzega, jua linazama, nina mzigo kamili. Nikakiona kibao cha 50 mwanzoni mwa kijiji. Nikatazama mbele, nikatazama chini ya miembe, sikuona trafiki, nikaendelea na 80 yangu. Upande wa kushoto kulikuwa na basi limesimama linashusha abiria. Nyuma ya lile basi akachomoza kijana mdogo na baiskeli, amefunga madumu manne ya maji, mawili kila upande. Nilikanyaga breki mpaka nikasikia tela linaanza kwenda upande wake. Kijana aliiachia baiskeli akaruka. Tairi langu la mbele lilipita juu ya gurudumu la nyuma la baiskeli na madumu yakapasuka, maji yakamwagika lami nzima.

Mtoto hakuumia, Mungu ni mkubwa. Nilibaki kwenye kiti, miguu inatetemeka kiasi kwamba sikuweza kushuka. Mzee mmoja akaja mpaka mlangoni. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kibao hukukiona?" Nikamjibu, "Nilikiona."

Nililipa baiskeli na madumu. Lakini jibu lile bado ninalo mpaka leo, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Kwa mwendo wa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Kwa 50 linakula karibu mita 14. Na nguvu ya kulisimamisha haiongezeki sawasawa na mwendo: kutoka 50 hadi 80 inapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Aliyeweka kibao pale alikuwa anamwona yule kijana kabla mimi sijamwona. Alijua kisima kiko upande mmoja na nyumba ziko upande wa pili. Kibao kiliwekwa kwa ajili ya mbeba maji, trafiki awepo asiwepo.

Ukifika Mikumi utaona jambo lilelile kwa wanyama. Barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na utakuta pembetatu zenye picha za wanyama, vikomo vya mwendo, na mabango ya faini za kugonga kila mnyama. Jioni tembo wanavuka na watoto wao, na tembo hakimbii kwa sababu umepiga honi.

Vibao vingine havitakuwepo, na hilo bango lenu halisemi. Watu wanaviiba wakauze vyuma chakavu. Ziko kona ninazozifahamu ambapo kimebaki kisiki tu cha nguzo, kimekatwa kwa msumeno, bado kinang'aa mahali kilipokatwa. Aliyekata amepata hela ya siku moja. Mgeni anayekuja usiku anaikuta kona bila kuambiwa. Kwa hiyo jifunze kuisoma barabara yenyewe: mstari mweupe wa katikati ukiacha kukatika ukawa mzima, hapo hakuna kuovateki, ukisikia rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, zinanguruma chini ya matairi, kuna tuta au kivuko karibu, ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, mbele kuna gari limeharibika. Matawi hayo si alama ya kisheria, sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga, na wewe uwe nazo kwenye gari. Lakini ukiyaona yaheshimu. Na ukiwahi kuyaweka, au ukaweka mawe, usiondoke kabla hujayatoa yote. Jiwe lililosahauliwa barabarani usiku limeua watu.

Jambo jingine: lori lililo mbele yako likikuwashia indiketa ya kushoto, mara nyingi dereva anakuambia upite, ya kulia, anakuambia usijaribu. Ni heshima tunayofanyiana, nami naifanya kila siku. Ila usimwamini hata kama ni mimi. Huenda anakata kona tu. Pita pale macho yako mwenyewe yamekuonyesha njia.

Nakumbuka ulipokuwa mdogo nilikuchukua kwenda Tanga, tukasimama Wami. Daraja lilikuwa lile la zamani, jembamba, la gari moja kwa wakati, na ukaniuliza kwa nini tunangoja wakati wenzetu wanapita. Nikakuonyesha kibao. Daraja jipya lilianza kutumika 2022 na sasa tunapishana bila kusimama, lakini mimi nikifika pale mguu bado unatoka wenyewe kwenye mafuta.

Jumapili ya wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Dar. Mwombe shangazi yako gari lake kwa saa mbili, saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara hazijajaa. Beba leseni yako ya kujifunzia, bandika L mbele na nyuma. Utaendesha wewe, mimi nitakaa kushoto, na kila tutakapopita kibao utaniambia kimesema nini na kimewekewa nani. Bango liache nyumbani. Vaa viatu vinavyofunga, usije na ndala.

Ni mimi baba yako.