Mrudishieni mwanangu daftari lake la majahazi

Mhariri,

Naandika kutoka Langoni hapa Lamu. Mwanangu ana miaka 12, ana usonji (autism), na tangu alipofika miaka saba hivi mambo yake ni majahazi tu. Muulize mkuku, muulize mataruma, foromali ule mti unaoshika tanga, kalafati inatiwaje, atakueleza mpaka uchoke wewe. Siku moja nilimpeleka Matondoni kwa mafundi wa majahazi akamwambia mzee mmoja foromali ile fupi kwa tanga lile, mzee akacheka, akapima, kumbe kweli! Njia nzima kurudi alikuwa akipepesa mikono kwa furaha.

Sasa muhula huu mwalimu kamnyang'anya daftari la michoro, ati huo ni ugonjwa wa wasiwasi, ule wa kurudia jambo bila kuweza kuacha, na akiachwa hivyo akili itaruka. Siku mbili mtoto hakula, akaanza kujigonga kichwa ukutani jambo ambalo alikuwa ameshaliacha zamani. Jirani naye akasema kapagawa tumtafutie mganga. Haya.

Mimi wasiwasi naujua mhariri, ami yangu marehemu alikuwa nao. Akitia udhu anarudia mara tano, mara kumi, maji ya birika yanaisha, watu msikitini washatoa salamu yeye bado yuko kwenye mkono wa kulia na machozi yanamtoka. Hakuwa akipenda hata kidogo, alikuwa akiogopa tu, akijaribu kuacha moyo unamwenda mbio. Ule ndio ugonjwa, na una tiba, kuna mazungumzo na daktari na kuna dawa, sisi hatukujua tukamwambia azidishe dhikri. Mwanangu akichora tanga anatulia, analala vizuri, anapata la kuongea na wenzake. Vitu viwili hivi vinapewaje jina moja?

Wala si jambo la jana. Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu watoto 11 wenye usonji kule Marekani 1943, mmoja wao kazi yake ilikuwa kuzungusha vitu sakafuni na ukimkatiza anawaka. Mpaka leo kupenda kitu kimoja namna hii ni moja ya alama madaktari wanazoangalia.

Sisemi aachwe tu bila mipaka. Aliwahi kwenda gati peke yake magharibi bila kuniambia, nilimtafuta roho iko mkononi, tangu siku ile tuna sheria na anaifuata kuliko dada zake. Na mtu anayemganda mwenzake, anamfuata mpaka mlangoni, simu usiku kucha, huyo azuiwe awe na usonji asiwe nao, maana mwenzake kakataa. Jahazi halijamkataa mtu.

Daftari ni la jalada la buluu mwalimu, ukurasa wa mwisho kuna mashua haijatiwa tanga. Ananiuliza kila asubuhi kabla ya chai. Naomba ulirudishe kabla shule hazijafungwa.

Mama wa mwana wa majahazi,
Langoni, Lamu