Joto la nyuzi 37 mmelipimia wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likitufikia hapa Uyole, Mbeya, jioni ya siku ya pili, limekunjamana na linanuka dizeli, na muda wote huo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nimemeza mengi. Mmekosea majina ya vijiji vyetu, nimenyamaza. Mmeweka picha ya migomba ya Tukuyu mkaandika ni Mbarali, nimecheka nikafungua ukurasa mwingine. Lakini ile habari ya mwezi uliopita, "Joto kali lawatesa wakazi wa Mbeya", yenye picha ya kijana anajimwagia maji ya chupa kichwani, imenikaa kooni mpaka leo. Unaikumbuka, maana mliiweka ukurasa wa mbele. Mlisema katikati ya Januari joto la Mbeya limefika nyuzi 37, eti kwa kuwa huu ndio wakati wa kiangazi upande wetu wa dunia.

Siku hiyo mimi nilivaa sweta alfajiri na sikulivua.

Daftari langu la siku hiyo linasema hivi: asubuhi nyuzi 14, mchana 23, mawingu tangu saa sita, mvua ya kawaida kuanzia saa nane na nusu, milimita 12. Kati yangu na mwandishi wenu zipo nyuzi 14, na mmoja wetu anapaswa kueleza zimetoka wapi. Nimeipekua habari nzima nikitafuta kipimo kiliwekwa wapi, saa ngapi, kivulini au juani. Hakuna. Kuna maneno ya muuza matunda, kuna maneno ya dereva wa bajaji, halafu kuna hiyo 37 peke yake. Mimi nahisi, na anikanushe akiweza, kwamba aliisoma kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani asubuhi pale stendi ya Nanenane. Gari la namna hiyo halipimi joto la Mbeya, linapima joto la bati lake lenyewe. Hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha upepo, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya majani mafupi, mbali na lami na kuta. Utaratibu huo hatukuutunga sisi wa Uyole, ndio wa dunia nzima.

Nikwambie ninavyopima mimi, usije ukadhani nina hasira tu. Nilianza na kipimamvua cha plastiki kutoka duka la pembejeo, kile cha mrija wenye mistari, nikakifunga kwenye nguzo shambani, mbali na mikaratusi ya jirani. Baadaye mwanangu aliyeko Dar es Salaam akaniletea kituo kidogo kizima: vikombe vitatu vya upepo, sola ya ukubwa wa kiganja, kipimajoto kilichofichwa ndani ya visahani vyeupe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kioo chake nimekitundika jikoni. Mvua kinaipima kwa kijiko kinachojaa, kikapinduka, kikahesabu, kikajaa tena. Kila kupinduka ni milimita 0.2. Mvua ikiwa ya kumwaga, kijiko hakiwahi, kinapunja, ndiyo maana mrija wa plastiki sikuutupa. Saa tatu asubuhi naandika vyote viwili. Mrija nausoma jicho likiwa sawa na maji, pale yanapobonyea katikati, si pale yanapopanda ukingoni, kisha naumwaga na kuurudisha. Kabla mvua hazijaanza nafungua visahani na kukwangua viota vya nyigu. Nyigu wa Uyole hawana mahali wanapopapenda kuliko hapo, na udongo wao ukiziba njia ya upepo, joto linapanda bila sababu. Asiyejua ataandika kuwa Mbeya inaungua.

Na hilo la kiangazi. Ni kweli jua wakati huo liko upande wetu. Katikati ya Oktoba linatupita utosini hapa Mbeya, kisha linahamia kusini mwetu, na linarudi utosini mwishoni mwa Februari. Simama nje siku ya Krismasi karibu saa saba mchana, kivuli chako kitaangukia kaskazini, kama wingu litakuruhusu kukiona. Lakini jua kuwa karibu ni jambo moja na joto kuwa kali ni jambo lingine. Joto letu huja Oktoba na Novemba, ardhi imekauka, mbingu haina hata uzi wa wingu, vumbi la Mwanjelwa linaingia mpaka kwenye maharage. Mvua zikishashika, wingu linafunika na hewa inapoa. Mkulima yeyote wa huku angewaambia hivyo bila kuhitaji daftari. Mwandishi wenu, nadhani, alisikia mahali kuwa Januari ni kiangazi kusini mwa Ikweta, akaona habari ameshaipata, kilichobaki ni kutafuta namba.

Tena, Mbeya gani? Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Uyole tuko karibu 1,800. Kwa kawaida kila unapopanda mita 100 hewa inapoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo mtu wa Kyela anaweza kulala bila shuka usiku ambao mimi nina mablanketi mawili, na sote tunalala mkoa mmoja. Uwanja wa ndege wa Songwe uko chini kuliko mjini kwa zaidi ya mita 300. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati tambarare za Usangu, kwenye mpunga wenyewe, hupata kama theluthi ya hizo. Ukiandika "Mbeya" ukaweka namba moja mbele yake, hujasema kitu.

Usidhani ni ubishi wa vitabuni. Mwaka juzi, Desemba, mvua ya mawe ilipiga shamba langu mchana kweupe. Ilipita kwa ukanda mwembamba, kwangu na kwa jirani wa juu, basi. Mwanjelwa, mwendo wa daladala moja tu, vumbi lilikuwa palepale. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa maua. Ilipokoma, majani yalikuwa yamechanika yote na mawe yamelundikana kwenye mifereji ya matuta, mengine ya ukubwa wa gololi. Nilikuwa nimekata bima ya mazao katika ofisi moja mjini nisiyoitaja. Nikajaza mawe kwenye chupa ya chai, nikafunga kifuniko, nikaandika milimita 31, na kesho yake asubuhi nikapanda daladala. Kijana wa mezani alinipokea vizuri, shikamoo mama, karibu mama, keti. Nikafungua daftari. Hakulitazama. Alitoa simu, akaipapasa, akasema, "Lakini mama, jana Mbeya haikunyesha. Hapa inaonyesha jua na mawingu kiasi." Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo simu jana ilikuwa wapi?" Akanieleza kwa upole, kwa sauti ile wanayotumia vijana kuwaeleza wazee, kwamba taarifa zinatoka kwenye setilaiti. Basi nikafungua chupa, nikamimina mezani. Mawe yakatoka, madogo sasa, yakateleza na maji yake mpaka kwenye kibodi. Akayatazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama yangu, barafu hata kwenye friji ipo." Mimi sina friji, Mhariri! Akaniambia daftari la nyumbani si taarifa rasmi, nilete barua ya mtendaji. Mtendaji naye akasema hawezi kuandikia barua mvua asiyoiona, maana ofisini kwake halikudondoka tone. Na alisema kweli, ofisini kwake hata lami haikulowa. Ndicho hicho ninachokueleza tangu mwanzo wa barua hii. Setilaiti inakisia mvua kwa eneo la kilomita kadhaa kila upande, na ukanda wa mawe unaweza kupita katikati ya kisio hilo usionekane. Mrija wangu ulikuwa pale pale, unapigwa na mawe, na ndio ulioambiwa hauna ushahidi. Sikulipwa hata senti.

Lakini mimi nashangaa nini, wakati katika nchi hii kipimo ni cha mwenye nguvu? Tazama lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanalisema hilo mpaka sauti zinakauka. Nenda sasa hivi shambani Uyole wakati wa kuchimba viazi uone dalali anavyokuja na magunia yake mwenyewe, yameongezwa kipande juu. Wanajaza, wanalitikisa, wanajaza tena, wanaweka kilemba, wanakishona kwa kamba ya manila mpaka gunia linakuwa refu kuliko kijana anayelibeba. Bei ni ya gunia moja. Ukileta mzani wako anakwambia mama una maneno mengi, anawasha gari, anaenda kwa jirani, na jirani ana ada za shule. Mmewahi kuandika habari ya lumbesa, nakiri, nzuri tu, yenye picha ya kiongozi amesimama kando ya mzani mpya unaong'aa. Mzani ule ulipanda gari pamoja naye jioni ile ile. Hilo hamkuliandika. Kwa hiyo viazi vyangu vikinusurika na mvua ambayo haikunyesha, vinaondoka shambani kwa uzito ambao haupo, halafu nikikaa nipumzike nisome gazeti, nakuta natokwa jasho la nyuzi 37 ndani ya sweta.

Nitakupa dawa, na ni ya bei nafuu. Kila mwandishi wako wa mikoani mnunulie mrija wa plastiki na kipimajoto, gharama yake haifiki ya tangazo lenu moja la robo ukurasa. Asikifunge kwenye baraza ya ofisi wala kwenye kioo cha gari. Kisha ule ukurasa wa nyota mpunguze: Ng'ombe na Mashuke waelezwe bahati yao kwa mstari mmoja, Mizani naye avumilie. Nafasi itakayobaki wekeni majina ya mahali, Uyole, Tukuyu, Kyela, Rujewa, Chunya, kila jina na joto lake la juu na la chini na mvua ya mpaka saa tatu asubuhi. Utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, waachieni. Mimi nataka kilichokwisha kunyesha, na jina la mahali kiliponyesha. Habari yoyote ya joto isiyotaja mahali, saa na kivuli, muipeleke ukurasa wa hadithi. Huko nitaisoma kwa furaha na wala sitaandika barua.

Na yule mwandishi wenu aje Uyole, simwiti kwa ubaya. Ashukie Nanenane, aulizie nyumba ya mama mwenye vikombe vinavyozunguka, watoto watamleta. Avae viatu ambavyo haoni uchungu vikichafuka. Nitamwonyesha madaftari yote, anakili atakacho, chai ipo. Afike tu kabla ya saa tatu asubuhi, maana saa tatu nasoma mrija na simsubiri mtu.

Mama mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya