Kati ya Bronco na Scout, chunguzeni bati kwanza

Ndugu Mhariri,

Wapenzi wa magari ya kale jijini huisifu mno Ford Bronco, gari la njia mbovu, ya 1966 hadi 1977, ilhali International Scout, iliyotangulia kuingia sokoni Marekani, huachwa kando. Nakubali kwamba Bronco, yenye springi za koili mbele, hutulia barabarani kuliko Scout, ambayo springi zake zote ni za bamba, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kwa tabaka. Hata hivyo, ningechagua Scout II, toleo la baadaye la Scout, ya mwishoni mwa miaka ya 1970 yenye injini ya dizeli ya Nissan, ambayo sidhani kama itamtisha fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani hapa jijini. Zote mbili huliwa na kutu, na upepo wetu wa chumvi hauna huruma. Mnunuzi afunue zulia na agonge sakafu kabla ya kutoa fedha.

Msomaji wako,
Kinondoni, Dar es Salaam