Barua kwa Mama Neema: kuhamia Austin

Mpendwa Mama Neema,

Barua yako imenifika, nami nimefurahi kusikia kwamba Neema amefaulu vizuri mwaka wake wa kwanza wa uhandisi huko Arlington. Umeniuliza kama ahamie Chuo Kikuu cha Texas cha Austin kupitia CAP, mpango unaomwezesha aliyeanza katika tawi jingine la Chuo Kikuu cha Texas, kama Arlington, kuhamia Austin baada ya mwaka mmoja, nami nakujibu bila kuzunguka: kwa nafasi anayoahidiwa sasa, abaki alipo.

Wengi watakuambia kwamba jina la Austin huleta kipato, na ushahidi wa namna hiyo upo. Mwaka 2009 mchumi Mark Hoekstra alionyesha kwamba wanaume weupe waliovuka kwa shida kiwango cha kuingilia chuo kikuu mashuhuri cha jimbo moja, walipofika umri wa miaka 28 hadi 33, walikuwa na kipato kikubwa kwa takriban asilimia 20 kuliko wenzao waliokikosa kidogo tu. Lakini hao waliingia wakitoka sekondari. Hawakuhama katikati ya masomo.

CAP humtaka mwanafunzi amalize krediti 30 (vipimo vya uzito wa kozi anazofaulu) kwa wastani wa alama usiopungua 3.2 kati ya 4, naye huhakikishiwa nafasi katika kitivo cha historia, saikolojia, lugha na masomo ya jamii. Uhandisi haumo katika ahadi hiyo, bali hugombewa. Basi Neema anaweza kupata Austin akapoteza uhandisi, na sihitaji kukueleza pengo la mishahara lililopo kati ya mhandisi na mhitimu wa historia.

Kuna pia suala la krediti. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Wanaohama kutoka chuo cha umma kwenda kingine cha umma hupoteza pungufu ya hapo, ila hasara nyingine haionekani mapema: somo hupokewa kama la hiari, likahesabiwa katika jumla, lakini lisichukue nafasi ya hesabu au mekanika inayotakiwa kabla ya kozi za mwaka wa tatu, na mzazi akajikuta analipia muhula wa ziada (na pango la Austin unalijua).

Kama bado anaitamani Austin, aombe uhandisi wenyewe, na idara imwandikie ni kozi zipi zitahesabiwa katika shahada. Wakimkubalia yote mawili, nami nitakuwa wa kwanza kumsaidia kufunga mizigo.

Nisalimie Baba Neema na watoto.

Wako,
Mama Amina