Tela la jeshi, na lile swali langu la springi

Baba Neema kaka yangu,

Za siku nyingi, za Arusha, mama Neema na watoto hawajambo? Na mzee mguu unaendeleaje, bado anatembelea fimbo au ameshaachana nayo? Sisi huku Salt Lake, Marekani, wazima kabisa, theluji imebaki kule juu milimani tu, huku chini tumeanza kutoka nje bila makoti.

Ile siku ulipopiga ukasikia grenda ukaniuliza najenga nini, nilikwambia nitakuandikia kwa kutulia maana kwa simu tungemaliza vocha na usingeelewa kitu. Sasa ndo naandika. Nimenunua tela la jeshi la Marekani, na nimeligeuza tela la kwenda kulala porini na familia.

Si lile kubwa la kuvutwa na lori. Ni kadogo, la robo tani, linaitwa M416, lilitengenezwa livutwe na M151, kale kagari ka jeshi kalikokuja kushika nafasi ya Jeep za zamani kuanzia mwaka 1960. Kibati chake cha mbele bado kipo na rivet zake zote, kinasema 1968. Nilimkuta nalo mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe, alikuwa anabebea nguzo za uzio, matairi yamepasuka pasuka kwa jua na ndani kumejaa majani makavu na kiota cha panya, nikampa dola 700 na yeye akaniongezea jeki ya zamani. Watu wengi hapa siku hizi wanakimbilia lile jipya zaidi, M1101, lililokuwa linavutwa na Humvee, lile gari pana la jeshi, bodi yake aluminiamu, halishiki kutu, zuri kweli sikatai, lakini tupu tu lina zaidi ya kilo 600 na upana wake wameupima kwa Humvee, sasa ukilifunga nyuma ya gari ya kawaida matairi yake yanapita nje ya njia yako, wewe umekwepa jiwe lenyewe linalipanda. Hili langu tupu ni kama kilo 260. Watu wazima wawili mnalisukuma.

Nikwambie kitu kilichonifanya nilipende. Halina mlango wa nyuma. Sanduku limezibwa pande zote nne, bati zito, kina cha inchi 11 hivi, na sakafuni kuna matundu ya kutolea maji yenye vizibo. Yaani walitaka likifika mtoni lielee lenyewe, mvute mpaka ng'ambo, halafu mfungue vizibo maji yatoke. Sasa mimi nilitaka kujua kama bado linashika maji au kutu imeshatoboa, nikaliweka juu ya magogo, nikafunga vizibo, nikaingiza mpira wa bustani. Kabla sijajua kinachoendelea Imani na mdogo wake wameshaingia na nguo zao, maji yako magotini, wanapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mimi niko chini mvunguni na tochi natafuta pa kuvuja. Nilikuta sehemu mbili tu, zote kwenye kona ya nyuma, tone moja moja. Tela la mwaka 1968 kaka. Hapo hapo nikaamua hili sanduku silikati, watu wengi wanakata nyuma waweke mlango wa jiko, mimi hapana.

Rangi ndo ilinipa hofu na hapa nataka unisikilize vizuri maana najua na wewe magari ya jeshi ya mnadani yanakupitia mkononi. Langu lilikuwa limepakwa upya yale mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, na hayo mabaka ya miaka ya 80 mara nyingi ni rangi inayoitwa CARC, waliitengeneza ili isinywe sumu za kivita na iweze kuoshwa. Ikiwa imetulia kwenye bati haina neno. Lakini ukiipiga msasa mkavu au grenda, lile vumbi linaweza kuwa na kromiamu ile inayoleta saratani, na ukichomelea juu yake moshi wake unaharibu mapafu. Nilikuwa nimeshashika grenda mkononi, jamaa mmoja kazini akanizuia. Kwa hiyo pale pa kuchomelea tu nilitoa rangi kwa dawa ya kupaka, ile inayoilainisha unaikwangua ikiwa mbichi, nimevaa maski ya vichujio, na takataka zake nikazipeleka kunakopokelewa taka za sumu. Kwingine kote nimeosha nikapaka rangi mpya juu yake. Tafadhali sana waambie na vijana wako hapo gereji, wakiona gari la jeshi lenye mabaka wasilirukie na msasa.

Umeme wake wote nimeng'oa. Ni wa volti 24 na gari yangu ni 12, nikavuta waya mpya na taa za LED, kazi ya Jumamosi moja. Ila zile taa ndogo za kijeshi za nyuma sikuzitupa, nimeziacha pale pale ingawa haziwaki, kwa sababu zina ujanja ambao ningependa uuone. Ni za kutembea usiku kwenye msafara bila adui kuona. Zina vidirisha vidogo vidogo kama macho ya paka, dereva wa nyuma akiwa karibu anaona nukta nne, akiachia nafasi kidogo zinaungana anaona mbili, akibaki mbali anaona moja. Anajua umbali wake kwa kuhesabu nukta tu, gizani!

Ekseli nayo nimebadilisha. Ya zamani ilikuwa ya stadi tano, yaani zile bolti za kushikia rimu, na 4Runner yangu, ile ambayo huko mnaita Surf, ni stadi sita, maana yake ningebeba spea mbili za aina mbili. Nimefunga ekseli mpya ya kilo 1,600 hivi, habu za stadi sita, rimu na matairi saizi moja na ya gari, na upana nimeagiza uwe sawa na wa gari ili matairi ya tela yakanyage pale pale gari ilipokanyaga. Na breki za umeme, kakisanduku kake kako karibu na usukani, kana kidude cha kubana kwa mkono. Kidude hicho ndo kilituokoa, nakuja huko.

Juu ya sanduku nimechomelea fremu ya skwea paipu, hema la kufunguka limekaa juu ya fremu, chini yake kuna droo ya jiko la gesi na friji ndogo. Jiko likae upande gani aliamua mama Imani na alikuwa sahihi, mimi nilitaka upande wa kushoto akaniambia kushoto ndo magari yanapita tukisimama barabarani, utapikia watoto kwenye magari? Likahamia kulia.

Sasa safari ya kwanza. Hapa ndo nilitaka kufika tangu mwanzo wa barua.

Tulikuwa tunaenda San Rafael Swell, jangwa la mawe mekundu kusini mashariki kwetu. Maji kule huna pa kuyapata, hesabu ya huku ni galoni moja mtu mmoja siku moja, sisi watano siku nne, galoni 20, kama kilo 76. Madumu niliyapanga nyuma kabisa kwa sababu ndo palikuwa na nafasi na ni rahisi kuyafikia ukiwa unapika. Spea nayo nimeifunga nyuma, imependeza kweli kama gari la safari. Tukapanda barabara namba 6 vizuri tu mpaka Soldier Summit, pale ni zaidi ya mita 2,200, halafu tukaanza kushuka kuelekea Price. Niko kama kilomita 95 kwa saa. Nikahisi mgongo wa gari unasukumwa kidogo kushoto. Halafu kulia. Halafu kushoto zaidi. Nikaangalia kioo nikaona tela linatembea kama mkia wa mamba, na lori linakuja mbele. Mama Imani hakusema neno, aliweka tu mkono wake kifuani kwa mtoto. Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki na ningekanyaga tungelala pale pale, nikaachia mafuta, nikashika usukani wima, nikabana kile kidude cha breki ya tela peke yake. Likavutwa nyuma, likanyooka. Nikasogea pembeni nikazima gari na tukakaa kimya kama dakika kumi.

Kaka, pale pembeni ya barabara nilimkumbuka mzee wetu dereva, Mungu amlaze pema. Unakumbuka sisi matingo tunapakia lori la kambi kwenda Seronera kule Serengeti, tunayatupia madumu ya maji nyuma ili yashuke ya kwanza, na yeye anatufokea, maji mbele, maji mbele, nyuma wekeni magodoro! Tulikuwa tunanung'unika kwamba mzee ana masharti. Hakutuambia sababu na sisi hatukuuliza.

Tulirudi nyumbani polepole siku hiyo hiyo na wiki mbili nilifanya kazi moja tu, kupima uzito. Nilichukua mizani ya kupimia watu nikaweka gogo juu yake nikakalisha ulimi wa tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, kilo 26. Tela zima nikalipeleka kwenye mizani ya malori, kilo 580. Inatakiwa ulimi ubebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, mimi sikufika hata asilimia 5, yaani uzito ulikuwa umelalia nyuma na ulimi haukukandamiza gari vya kutosha. Spea nimeihamishia mbele juu ya ulimi, sanduku la spana na betri vile vile, madumu nimeyatoa nikaweka tanki la kulala chini sakafuni, mbele ya ekseli kidogo tu. Hapo kwenye kidogo tu ndo penye akili, maana maji yanapungua kila siku, ukiliweka tanki mbele kabisa siku ya kwenda ulimi ni mzito na siku ya kurudi ni mwepesi, unajikuta kwenye hatari ile ile ukiwa umechoka. Likikaa karibu na ekseli, lijae au liishe ulimi haubadiliki sana. Sasa hivi unasoma kilo 70. Nimelivuta mteremko ule ule, kimya kabisa, nimeangalia kioo mpaka shingo ikauma.

Na safari tumeenda. Tulilala The Wedge, ukingoni kabisa, unachungulia mto San Rafael chini kama uzi. Watoto walipanda hemani wenyewe, mama Imani akasonga ugali upande wa kulia wa tela, upepo unapiga lakini turubai limekinga. Kesho yake tukashuka Buckhorn kuangalia michoro ya watu wa kale kwenye mwamba, rangi nyekundu, watu warefu wasio na miguu, nikawaambia watoto kwetu nako ipo, Kolo kule Kondoa, nikawa nawasimulia mpaka wakaniuliza lini tunaenda.

Swali langu sasa. Ekseli ni mpya lakini springi nimeziacha zile zile za jeshi. Barabara ya kuingia The Wedge ina mawimbi kama ile ya Serengeti, ya Golini kwenda Naabi, unaijua, na ingawa nimepunguza upepo matairi ya tela mpaka psi 20 na shokapu ni mpya, bado linaruka. Mayai yote yalivunjika na nati mbili za droo zililegea. Nafikiria kung'oa jani moja la springi kila upande, katika yale mabapa ya chuma yaliyopangana, lile la pili kutoka chini. Mafundi wa hapa wananiambia nunua springi mpya tu, hakuna aliyekubali kunishauri juu ya hizi. Wewe umeongeza na kupunguza majani ya Land Cruiser pale Unga Ltd miaka yote hii, niambie: kwa kilo 580, nikitoa jani moja tela halitalala upande kwenye kona? Au nibakize majani yote nibadilishe bushi na pingili za nyuma zilizokakamaa? Picha nimekutumia WhatsApp, ile ya tatu ndo inaonyesha mkunjo wa springi likiwa na mzigo, nimeweka rula pembeni usome inchi.

Ukiweza nijibu kabla ya mwezi wa tano, tunataka kwenda tena kabla joto la jangwani halijawa kali.

Msalimie sana mama Neema. Imani ameshagawa nafasi za kulala hemani kwa majina, ya mwisho upande wa zipu amesema ni ya baba Neema, mwenzie haruhusiwi kulala hapo.

Ndugu yako,
Baba Imani