Usiyachukue Mafuta ya Yule Fundi

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Shomari,

Assalaam aleikum. Barua yako ilinifika jana magharibi. Hapa hatujambo, na mama anakusalimu sana.

Niliposoma kwamba umeshapata rezista zote ishirini za kopo lako la kupimia redio, lile linalopokea nguvu ya redio badala ya antena na kuigeuza joto ndani ya mafuta, nilifurahi kama ni zangu. Nilipofika pale ulipomtaja fundi wa kuchomelea aliyekuahidi kidumu cha mafuta ya transfoma kwa bei ya chee, furaha ikanikatika. Nakuomba, usiyachukue.

Mafuta mapya ya transfoma kutoka kiwandani ni mazuri, tena yametengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Lakini ya kidumu cha mtaani, nani anajua yametoka wapi? Huenda yamefyonzwa kwenye transfoma ya watu, kitongoji kizima kikalala giza. Tena transfoma za zamani nyingine zilijazwa mafuta yenye kemikali za PCB, zilizopendwa kwa sababu haziwaki kirahisi. Zikishaingia mwilini hukaa miaka, na zinasababisha saratani. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliziweka miongoni mwa kemikali za kukomeshwa duniani. Kwa macho huzitambui, kwa pua huzitambui, na wewe mkono wako utaingia humo kila rezista ikilegea.

Mimi kopo langu la kwanza nilitia mafuta ya alizeti. Miezi ya mwanzo yalifanya kazi vizuri, kisha yakaanza kuvunda, na rezista zikavaa utando unaonata kama ulimbo. Ya nazi, uliyoyataja, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai unazijua. Mafuta yaliyoganda hayazunguki, basi joto linabaki palepale kwenye rezista. Oili chafu waachie wanaopaka nguzo kuzuia mchwa. Ina masizi na chembe za chuma.

Ninayotumia sasa ni parafini ya maji ya duka la dawa, ile wanayopewa watu waliofunga choo. Haina rangi, hainuki, haivundi. Ila mtajie muuzaji jina vizuri, maana wapo wanaoita mafuta ya taa parafini. Mafuta ya taa yasikaribie kopo lako hata kwa bahati mbaya: mvuke wake unaweza kushika moto kwenye nyuzi 40 tu.

Umeuliza kama lita nne zitatosha redio yako ya wati 100. Zinatosha, nimepiga hesabu. Mafuta kiasi hicho yanataka jouli kama 6,500 kupanda nyuzi moja, na redio yako inatoa jouli 100 kila sekunde. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha kurusha mawimbi mfululizo dakika kumi, yatapanda nyuzi tisa au kumi, na kopo lenyewe litakuwa linapoa pembeni. Rezista zako za omu 1,000, ishirini zikiungwa sambamba, zinakupa omu 50 barabara, kama redio yako inavyotaka. Kwa kuwa kila moja ni ya wati mbili, hewani zingebeba wati 40 tu. Ndani ya mafuta zitavumilia hizo 100 kwa dakika chache unazohitaji kupima. Hakikisha tu si zile za waya uliozungushwa, kwa sababu zile ni koili, na kipimo chako kitakudanganya.

Kopo la rangi la lita nne usilijaze hadi juu, mafuta hutanuka yakipata moto. Toboa kitundu kwenye kifuniko ili lisivimbe. Likishapoa kabisa kizibe kwa kipande cha utepe, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na mafuta yanaufyonza. Na utepe huo uubandue kabla hujawasha redio tena, Shomari. Mimi nimeandika kwa wino mwekundu juu ya kifuniko.

Chupa za duka la dawa ni ndogo na zitakugharimu. Mimi ninazo mbili zilizobaki. Nitampa shemeji anayekuja huko Ijumaa akuletee.

Wako,
Mbwana